Kufunga rola za kukandamiza mbao kwenye fensi ya msumeno wa meza

Msumeno wangu wa meza ni wa bledi ya inchi 10, wa ile aina nyepesi ya kubebeka, na fensi yake, yaani ukuta wa pembeni unaoiongoza mbao, ni bomba la alumini la pembe nne. Rola nilizofunga ni za kawaida: magurudumu mawili ya mpira, kila moja limeshikwa na mkono wenye springi, na ndani yake kuna beringi inayozunguka upande mmoja tu. Zimeundwa kwa ajili ya fensi nzito za chuma kama zile za Marekani, kwa hiyo maelekezo ya kwenye boksi yanaishia pale ambapo kazi ya fundi wa Mtwara inaanzia.

Nilianza na fensi, rola zikakaa pembeni kwanza. Springi inayokandamiza mbao chini huinyanyua fensi juu kwa nguvu ileile. Fensi nyepesi inabanwa mbele tu, upande wa fundi, nyuma imeegeshwa. Ukishusha rola mbili juu ya mbao ngumu kama mkongo, mwisho wa nyuma unanyanyuka, na mkandamizo unapotea palepale unapohitajika: nyuma ya bledi, ambako meno yanapanda na kutaka kuibeba mbao na kumrushia fundi. Isitoshe, magurudumu yamekaa mshazari ili yaivute mbao kwenye fensi, kwa hiyo fensi isiyobanwa nyuma inasukumwa pembeni pia.

Kulijua hilo hakuhitaji kipimo cha gharama. Kunja ukanda wa kadibodi, uchomeke kati ya fensi na meza kwa nyuma mpaka ukaze. Shusha rola juu ya mbao, mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, kisha vuta kadibodi. Ikitoka kilaini, fensi imenyanyuka, na hakuna rola itakayokusaidia hapo.

Dawa yake ni kulabu ya nyuma. Nilitumia chuma bapa cha upana wa milimita 40 na unene wa 5, kikapindwa na kuchomelewa kiwe na umbo la herufi C: juu kinafungwa na bolti mbili mwishoni mwa fensi, chini ulimi wake unapita chini ya reli ya nyuma ya meza. Kwenye ulimi huo nimechomelea nati, na bolti ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, inapanda kuibana reli kutoka chini, kichwani ikiwa na kipande cha ngozi ili isikwaruze. Mfuatano wa kukaza una maana yake: mbele kwanza, nyuma baadaye. Ukianza na nyuma, fensi inakaa upande na hailingani tena na bledi. Mimi hupima kila ninapoihamisha, kutoka mfereji wa meza, ule unaokwenda sambamba na bledi, hadi kwenye fensi, mbele na nyuma. Tofauti ya nusu milimita ni kubwa mno. Kama lazima iwepo tofauti, basi nyuma ndiko kuwe na nafasi zaidi kidogo, kamwe isiwe mbele.

Bomba la alumini lenyewe ni jembamba, halifai kufungwa rola moja kwa moja. Skrubu za bati zitang'oka. Kwa hiyo fensi ilipata mwenzake wa mbao: mninga mkavu, unene milimita 30, kimo 90, urefu sawa na fensi. Plaiwudi niliikataa kwa sababu mbili. Skrubu zinazoingia ukingoni mwake hupasua matabaka, na rola zinavuta kuelekea juu hukohuko. Halafu kwa unyevu wa huku pwani, hasa Desemba mpaka Aprili, kingo za plaiwudi huvimba. Mninga haupindipindi ovyo ukishakauka. Mtiki wa Rondo, kule Lindi, nao ungefaa.

Juu ya ubao huo nilichimba mfereji wa upana wa milimita 19 kwa kina cha 10, nikalaza reli ya alumini yenye mdomo wa herufi T, na skrubu za 4 kwa 25 kila baada ya sentimita 10. Ubao umeshikwa na fensi kwa bolti nne za M8 zinazopita kuta zote mbili za bomba. Ndani ya bomba, kwenye kila bolti, weka kijipande cha paipu au mbao ngumu kilichokatwa sawa na uwazi, la sivyo ukikaza, bomba linabonyea na uso wa fensi unapinda. Vichwa vya bolti vizame ndani ya mbao angalau milimita 5 ili visiguse kazi. Usisahau kwamba fensi imesogea milimita 30 kuelekea kwenye bledi, kwa hiyo rula ya mashine inadanganya. Bandika mshale mpya, au pima kwa futi kutoka kwenye jino hadi kwenye ubao.

Sasa bolti, na hapa ndipo watu wengi wanakwama. Reli na rola hizi huja kwa vipimo vya inchi. Bolti ya 5/16 ina kichwa cha milimita 12.7, wakati M8, ile tunayoiita bolti ya spana 13, kichwa chake ni 13. Haiingii kwenye reli. Suluhisho ni tupa: punguza pande mbili zinazotazamana mpaka kichwa kiteleze bila kucheza. Usikimbilie M6, yaani bolti ya spana 10, kwenye reli hiyo. Kichwa kinazunguka ndani na hutaweza kukaza. Na usichanganye nati: ya M8 ikivishwa kwenye bolti ya 5/16 huingia nyuzi chache kisha inang'ang'ania, na fundi mwenye haraka huongeza nguvu akaua nyuzi zote.

Gurudumu la kwanza nililiweka mbele ya bledi, sentimita 5 hivi kabla ya meno. La pili liko nyuma, likipita kidogo kile kisu cha nyuma ya bledi kinachotenganisha mbao iliyopasuliwa. Usiweke gurudumu ubavuni mwa meno. Kisu chenyewe kibaki mahali pake, kwani rola hazizuii mbao isijifunge na kuibana bledi. Mshazari ni takriban nyuzi 5, upande wa gurudumu ulio mbali nawe ukielekea kwenye fensi. Kama mkono wa rola yako umenyooka, weka kabari chini yake: kwa urefu wa milimita 60, kabari ipande 5. Ukigeuza mshazari, gurudumu litaiondoa mbao kwenye fensi badala ya kuivuta.

Mkandamizo naupima kwa kazi yenyewe. Naweka kipande cha mbao ileile chini ya gurudumu, nashusha mpaka liguse, naondoa kipande, nashusha milimita 2 au 3 zaidi, nakaza. Ukizidisha, mbao inakuwa nzito kusukuma, mpira unaacha alama nyeusi na fensi inarudi kunyanyuka. Ukipunguza, gurudumu linaruka kwenye mabonde. Ndiyo maana mbao zilizopasuliwa porini kwa cheni, ambazo unene unaweza kutofautiana hata milimita 5 kwenye ubao mmoja, lazima zipite kwenye randa kwanza. Mbao iliyopinda ni hatari zaidi: rola inainyoosha kwa muda, ikishapita inarudia pindo lake na kubana bledi.

Wakati wa kupasua, mkono wa kushoto unaushikilia ubao kabla ya bledi tu, haupiti mbele. Kumalizia, kijiti cha kawaida cha kusukumia kinagonga rola. Badala yake natumia kipande cha unene uleule wa kazi, urefu wa sentimita 40, kinachosukuma ubao kutoka nyuma na kupita chini ya magurudumu. Kumbuka beringi hairudi: kipande hicho lazima kitokee upande wa pili, au uzime mashine, usubiri bledi isimame, kisha unyanyue rola. Umeme ukikatika katikati ya ubao, fanya vivyo hivyo, zima swichi kwanza. Swichi nyingi za bei rahisi hubaki zimewashwa, na umeme ukirudi bledi inaanza ikiwa ndani ya mbao.

Kwa vipande vyembamba, chini ya sentimita 8 kati ya bledi na fensi, naziondoa rola kabisa, maana mikono yake inakaribia mno bledi na hakuna nafasi ya kusukuma.

Utomvu wa msonobari hugandamana kwenye mpira na gurudumu likaanza kuteleza. Kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha, mafuta ya taa yaache kwa kuwa yanaulainisha mpira. Beringi usiijaze grisi nzito, itaacha kushika na mbao itaweza kurudi nyuma. Tone la mafuta mepesi linatosha. Mikono na springi za chuma hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi, kwa hiyo nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta kila nikifunga kazi. Meza naipaka nta ya mshumaa na kuisugua, ila nta hiyo isifike kwenye magurudumu.