Herufi za Ukutani: Siku Yangu Moja Dodoma

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa saba Dodoma ni baridi na upepo. Unapenya chini ya mlango mpaka vidole vinakufa ganzi, na dizaina mwenye vidole vya ganzi hafai kitu, kwa hiyo naanza na chai. Simu naiacha chumbani, data imezimwa. Nina saa moja na nusu kabla mwanangu hajaamka, na saa hiyo hakuna mteja anayeijua.

Nachora herufi. Ni mwaka wa pili sasa napiga picha maandishi ya brashi kwenye kuta za Majengo, Chang'ombe, Makole na Kikuyu, kisha nayachora upya moja moja ili siku moja yawe fonti. "Kinyozi" imenipa y na z. "Vinywaji baridi" imenipa v na j. "Nyumba hii haiuzwi" imenipa w pana, imetanua miguu kama mlinzi wa geti. X sina. Kiswahili hakiihitaji, na x pekee ninayoikuta ukutani ni ile nyekundu ya nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, zinazosubiri kubomolewa. Hiyo sijaichora na sidhani kama nitaichora.

Leo niko kwenye g, inayotoka kwenye ukuta wa mashine ya kusaga na kukoboa huko Majengo. Nimeikuza picha mpaka nyufa za plasta zinaonekana. Mkia umeshiba rangi, mweusi kabisa. Juu, kwenye shingo, rangi imekwisha, umebaki mchirizo wa nywele za brashi. Sielewi. Fundi anaanza juu anashuka, basi ukavu ungekuwa mkiani. Nachora mara sita na zote sita zinalala kama zimechoka. Mtoto anaamka, nakunja karatasi.

Saa 2 asubuhi

Uji, sare ya shule, bodaboda. Ofisi yangu ni chumba kimoja cha ghorofani, mwendo wa dakika chache kutoka Nyerere Square. Meza mbili, printa ya stika, feni ambayo msimu huu haina kazi.

Saa 3

Mteja wa kwanza ni mama anayeuza mafuta ya alizeti. Ameniagiza tangazo la kulipia, shilingi 10,000 kwa siku, na leo anataka nimweleze pesa yake inakwenda wapi. Nampenda kwa swali hilo, wengi hawaulizi.

Nikamwambia: mama, kila mtu anapofungua simu akaanza kuperuzi, mnada wa matangazo unapigwa. Haufiki hata sekunde moja. Wewe, muuza magodoro na muuza viwanja mnagombea nafasi moja mbele ya macho ya mtu mmoja. Mwenye pesa nyingi si lazima ashinde, kwa sababu mtandao unakadiria pia huyu mtu ana uwezekano gani wa kubofya, na tangazo lenyewe lina ubora gani. Basi nikichagua watu wa Dodoma, wataingia wanaoishi hapa na hata waliopita tu. Aliyeshuka SGR asubuhi akarudi Dar jioni anaweza kuhesabiwa naye.

"Kwa hiyo nawalipia abiria?"

Wengine, ndiyo.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ukuta wa sokoni haungekuwa bei rahisi. Swali hilo nimetembea nalo siku nzima.

Saa 5

Simu ya daktari mwenye zahanati. Anataka kuwafikia "watu wanaofanana na wagonjwa wangu", na ana daftari la namba zao. "Dada, namba zipo tayari, wewe pandisha tu."

Kiufundi ni rahisi. Unapandisha orodha, mtandao unaigeuza kuwa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, unaulinganisha na akaunti zake, kisha unakutafutia watu hao na wenzao wanaofanana nao. Lakini wale wagonjwa walitoa namba ili wapigiwe majibu ya vipimo yakitoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni katika zile inazoziita nyeti. Nilimweleza hivyo, kwa adabu, na nikamwambia hata sheria isingekuwepo nisingepandisha. Mama yangu naye ni namba kwenye daftari la zahanati fulani.

Alisema atatafuta dizaina mwingine. Nilimtakia heri. Kazi ile ingelipa kodi ya chumba ya mwezi mmoja, na inauma.

Saa 7 mchana

Ugali, mlenda, samaki wa kukaanga. Kijana tunayeshirikiana meza ananiuliza tena kwa nini sipandishi herufi zangu mtandaoni nipate wafuasi. Nilipandisha mara moja. Ilikuwa k. Watu waliipenda, na mimi kwa wiki tatu nikajikuta naziongezea madoido herufi zote zilizofuata ili nazo zipendwe. K ya yule fundi ukutani haina madoido. Ni mistari mitatu na mkono uliotulia. Nilizifuta zote nikaanza upya.

Nikamsimulia pia habari ya Ello, mtandao ulioibuka mwaka 2014 ukiahidi kutokuwa na matangazo. Wasanii na madizaina walikimbilia huko. Mwaka 2023 ulifungwa, na ambaye hakuwa na nakala ya kazi zake zilikwenda nao. Mimi nakala zangu ziko kwenye diski na kwenye karatasi, ndani ya sanduku la bati.

Saa 8

Matokeo ya tangazo la alizeti. Niliweka picha mbili zishindane. Ya kwanza niliihangaikia siku mbili: mafuta yanamiminwa, mwanga wa jioni, maandishi yamepangwa. Ya pili alipiga mama mwenyewe kwa simu: dumu la lita 20 juu ya kigoda, bei kwa tarakimu kubwa nyekundu. Ya pili imeleta meseji nyingi zaidi, tena kwa mbali.

Sina kinyongo nayo. Watu walitaka kujua bei, na mama ameuza. Ninachokiogopa ni kesho. Nitaanza na nyekundu na bei kubwa kabla hata sijamsikiliza mteja mwingine, na keshokutwa hivyo hivyo, mpaka kazi zangu zote ziwe na sura moja, na sura yenyewe si yangu. Tangazo la kampuni ya simu ya Marekani, AT&T lililowekwa kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994, moja ya yale ya mwanzo kabisa mtandaoni, lilimuuliza msomaji kama amewahi kubofya hapo, likamwambia atabofya. Tangu hapo kubofya ndiko kunakohesabiwa. Meta, wenye Facebook na Instagram, peke yake mwaka 2023 iliingiza karibu dola bilioni 135, na karibu bilioni 132 zilitokana na matangazo. Kiasi hicho hakiachi jicho la mtu kama kilivyolikuta, na jicho la dizaina ndilo linaloguswa kwanza.

Saa 11 jioni

Napitia Majengo kurudia kipimo cha g. Nakuta vijana wawili na ndoo za rangi. Mwenye mashine amekubali ukuta wake upakwe rangi ya kampuni ya simu, bure, na kazi inaanza kesho.

Nikamwendea mzee aliyeyachora yale maandishi. Anaishi nyuma ya soko, siku hizi macho yamepungua. Shikamoo babu. "Marahaba mwanangu, mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. Nilipompa habari ya ukuta alisema tu kwamba ukuta haukuwa wake, na kwamba rangi ile ilishakaa kuliko alivyotarajia. Tukatembea pole pole mpaka pale.

Nikamuuliza kuhusu shingo kavu.

"Wewe unaanzia wapi?"

Juu, babu.

Akacheka, akaomba chaki. "Brashi ikishiba ukaianzia juu, rangi inatiririka, inakuchafulia mkia. G mimi naanzia chini." Akaweka chaki kwenye ncha ya mkia, juu kabisa ya herufi yake ya zamani, akazunguka, akapanda, akafunga tumbo, akamalizia shingoni. Mkono haukusita. Mistari miwili, ya chaki na ya rangi, ilipishana kwa upana wa kucha.

Nilipiga picha mpaka mwanga ukaisha.

Saa 4 usiku

Mtoto amelala. Data bado imewaka, kuna meseji za wateja nane. Nimeizima, nimetandaza karatasi, nimeweka penseli chini kabisa ya mstari, na nimeanzia mkiani.