Jirani kaja na jeshi, karudi na aibu

Jana usiku kwenye gemu ya Civilization VI, kiwango cha Deity (kigumu kuliko vyote), jirani anayechezwa na kompyuta kanishukia na jeshi la kunifuta kwenye ramani. Ngazi hiyo kompyuta inaanza na walowezi 3 (wa kuanzisha miji), wewe 1, kwa hiyo kushindana naye kwa idadi ni kujisumbua tu. Nikajenga ukuta fasta, maana bila ukuta mji haurushi mishale. Kwenye upenyo pekee nikapandisha askari wa mkuki juu ya kilima: kilima kinampa nguvu ya ulinzi +3, kujichimbia zamu mbili +6. Nyuma yake wapiga mishale wawili. Kigae kimoja cha ramani hakibebi vikosi viwili vya vita, basi wale wote wakapanga foleni, nikawatandika mmoja mmoja. Mwishowe kaomba amani mwenyewe, tena na dhahabu juu! Nimepokea. Sasa naunda manati ya kivita ya kubomoa kuta.