Triga nilimaliza jioni moja, magazini ikanila wiki sita

Kilichonifanya nianze kuifungua bunduki yangu ni risasi moja iliyodondoka kwenye nyasi. Giza lilikuwa linaingia, siku nzima sikuona mnyama wa maana, na raifoli yangu ya bolti (kile chuma unachosukuma na kuvuta kwa mkono kila risasi) ilikuwa na magazini, yaani kisanduku cha risasi, ya ndani isiyo na mlango kwa chini. Kuitoa risasi kulikuwa na njia moja tu: unasukuma bolti risasi iingie chemba, pale nyuma ya mtutu inapofyatuliwa, unavuta itoke, unasukuma tena, mpaka zote nne ziishe. Yaani ili uiache bunduki tupu, kwanza uipakie mara nne, kwenye giza, vidole vimekufa ganzi. Ya tatu iliruka ikapotelea nyasini. Nilipapasa na tochi karibu nusu saa, na njia nzima ya kurudi nikawa nawaza kwamba siku moja kidole kitakosea mahali pa kukaa.

Triga nayo nilikuwa na ugomvi nayo wa muda mrefu. Nikaona kama nafungua ili niweke magazini ya kuchomoa, nifungue mara moja na triga nibadilishe.

Kabla ya kununua kitu nilitaka kujua ninachokilalamikia ni nini hasa. Nilichukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, nikahakikisha bunduki ni tupu, nikaipitisha ndoano kwenye triga na kuvuta mara kumi. Ya chini kabisa ilisoma kilo 2.6, ya juu 3.3. Uzito ningeuvumilia, maana watu wamewinda na triga nzito miaka mingi wakala nyama. Kilichoniudhi ni kule kuyumba: kila mvuto na kilo zake. Halafu kabla ya kuachia, triga ilikuwa inaburuzika kama droo yenye mchanga. Nikaweka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, nikatia risasi bandia kwenye chemba, nikavuta. Katika mara kumi sarafu ilianguka saba. Hapo nikajua kwa nini mnyama aliyesimama mita 150 nilikuwa namkosa nikiwa nimekaa chini, na huku kwenye meza yenye mifuko ya mchanga shabaha yangu haina tatizo. Mfuko wa mchanga unaificha triga mbovu, kwa sababu wenyewe ndio unaoishika bunduki. Magoti yako hayafichi kitu.

Jamaa mmoja ninayewinda naye alinishauri niisugue ile ya zamani kwa jiwe la kunolea. Nilikataa, na bado nakataa. Ndani ya triga kuna kingo mbili za chuma zinazogusana: moja imebeba nguvu ya springi ya pini ya kugongea, nyingine inaizuia isiachie. Ukivuta, zinateleza hadi zinaachana. Zikigusana eneo kubwa na nyuso zake zikiwa na mikwaruzo, unasikia mburuzo. Zikigusana kidogo mno, bunduki inaweza kujifyatua bila kuguswa. Na chuma cha aina hii mara nyingi kimekomazwa juu juu tu. Ukishaipita ile ngozi ngumu, kilichobaki ni laini na kinalika haraka. Leo triga ni tamu, baada ya msimu mmoja ni hatari. Nikaamua kununua triga kamili iliyofungwa kwenye kasha lake, mguso wa kingo umepangwa kiwandani na skrubu zake zimezibwa kwa rangi, mimi nimeachiwa skrubu moja ya uzito.

Nilipita pia kwenye ofisi ya leseni kuuliza. Sheria hazifanani: kuna mahali triga ni kipuri tu, kuna mahali kazi yoyote ya bunduki ni ya fundi mwenye kibali, na kuna mahali kanuni za uwindaji zinapanga risasi ngapi zikae kwenye magazini. Mimi triga niliruhusiwa kubadilisha mwenyewe. Kazi ya kuchonga kitako, yaani mbao nzima inayobeba chuma cha bunduki, kwa ajili ya magazini mpya nilimpa fundi bunduki, si kwa sababu ya sheria bali kwa sababu ninajijua mkono wangu na patasi.

Kubadilisha triga kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Bolti nje, chemba nikaitazama kwa macho na kuipapasa kwa kidole, skrubu mbili za chini nikalegeza, chuma kikatoka kwenye kitako. Pini mbili nikazigonga taratibu, triga ya zamani ikadondokea mkononi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwenye bunduki yangu moja ya pini hizo hushikilia pia kizuizi cha bolti, na kizuizi hicho kina springi nyembamba kama unywele. Iliruka. Nilisikia ikigonga ukuta, kisha kimya. Niliipata baada ya kuburuza sumaku ya spika sakafu nzima. Tangu siku hiyo kazi ya pini naifanya nikiwa nimeingiza mikono ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, na asiyependa anicheke.

Kasha jipya lilikuwa nene kidogo kuliko la zamani, na kitako changu ni cha mbao. Nilipokirudisha, kishikio cha usalama kilikuwa kizito kusogea. Hapo usikisie. Nilipitisha moto wa mshumaa chini ya kasha hadi likapata masizi, nikalifunga kwenye kitako, nikafungua tena: doa jeusi kwenye mbao likanionyesha mahali penyewe panapogusa, si pakubwa kuliko punje ya mchele. Msasa kidogo, masizi tena, mara tatu hivi, na sefti ikaanza kusogea huru.

Kisha nikafanya kosa la tamaa. Karatasi ya maelekezo ilisema triga inaweza kushuka hadi gramu 900, nami nikaishusha huko huko. Ilikuwa inaachia kama kioo kinachovunjika, nikajisikia bingwa. Lakini nilijiwekea majaribio kabla ya kuipa risasi, na namshukuru aliyenifundisha. Bunduki tupu, unaifunga bolti kwa nguvu, kama mtu aliyepagawa mbele ya nguruwe. Mara ya kwanza hadi ya 13 hakuna kitu. Ya 14 nikasikia “tik”. Pini ya kugongea ilikuwa imeshuka yenyewe. Nilibaki nimeishika, nikiwaza “tik” hiyo ingekuwa nini kama kulikuwa na risasi.

Nikapandisha hadi kilo 1.4 na kuanza upya. Bolti mara 50 kwa nguvu, hakuna. Nyundo ya mpira kwenye kitako, pande zote na kwa nyuma, hakuna. Sefti imewekwa, triga inavutwa kwa nguvu, inaachwa, halafu sefti inatolewa taratibu: hapo ndipo triga nyingi mbovu hujitoa siri, kwa sababu kingo zilishateleza sefti ikiwa imewekwa, zikabaki zinasubiri. Yangu ilitulia. Kilo 1.4 kwa mkono wenye glavu ni kipimo kizuri, na sarafu sasa ilianguka mara moja kati ya kumi.

Nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Magazini ya kuchomoa inaonekana kitu rahisi: fremu mpya ya chini yenye kinga ya triga na kinasio cha kuishikilia magazini, magazini inaingia, inalia “kak”. Fundi alichonga mbao kwa mashine, akanirudishia baada ya wiki mbili. Nilipofunga skrubu, bolti ikagoma robo ya mwisho. Nilikuwa karibu kumlaumu yeye, kumbe fremu mpya ni nyembamba kuliko ile ya zamani na skrubu ya mbele ni ileile. Ilikuwa imezidi urefu, ncha yake imetokeza hadi njia ya bolti na kugusa meno yake ya kufungia. Nikaipunguza kwa tupa chini ya milimita moja, bolti ikafunga.

Kisha uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza safi. Nikavuta bolti, nikasukuma, nikalenga, nikavuta triga: “tik”. Chemba tupu. Bolti ilikuwa imepita juu ya risasi bila kuichukua. Nikajaribu magazini nyingine, mambo yaleyale, mara moja katika nne au tano. Ubaya wa tatizo la mara moja moja ni kwamba kila unachobadilisha unaona kama kimeponya. Nilibadilisha springi, nikabadilisha aina ya risasi, nikaamini kwa siku mbili kwamba ni vumbi.

Ni .308 Winchester, risasi yenye urefu wa kama milimita 71, na ndani ya magazini ilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo urefu haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kimo. Nilitoa bolti, nikaweka magazini yenye risasi bandia, nikapiga tochi kutoka nyuma kupitia njia ya bolti. Unachotaka kuona ni tako la risasi limeingia vizuri kwenye njia ya uso wa bolti. Mimi niliona ukingo mwembamba tu, kama mwezi wa siku moja. Magazini ilikuwa imekaa chini mno, na nikiisukuma juu kwa kiganja inapanda kidogo na bolti inachukua risasi kila mara. Fundi alizamisha fremu zaidi ya milimita moja ndani ya mbao. Hakutaka kuzidisha, maana magazini ikikaa juu mno bolti itakwaruza midomo ya magazini na kuipinda.

Baada ya hapo nilipitisha risasi bandia 100, haraka na polepole, bunduki ikiwa imelala ubavu na hata juu chini. Zote ziliingia. Skrubu nikakaza nyutoni mita 5 na si zaidi, kwa sababu kitako changu ni mbao tupu bila nguzo za alumini ndani. Ukikaza kama unafunga gurudumu, mbao zinabonyea na shabaha inahama kila hali ya hewa inapobadilika. Kusawazisha darubini upya ni lazima, yangu ilikuwa imehama sentimita 9 kulia kwa mita 100.

Kwenye meza, kundi la risasi tano lilibaki vilevile, kama sentimita 4. Nikiwa nimekaa chini na kuegemea fimbo, lilipungua karibu nusu.

Sitasema magazini ya ndani ni ujinga. Mtindo wa risasi kupishana mistari miwili ndani ya tumbo la bunduki ulikuwepo kwenye Mauser za miaka ya 1890 na haujafa, na sababu mojawapo ni kwamba huwezi kuudondosha kichakani. Mimi ya kwangu niliidondosha mwezi wa pili: mkanda wa begi ulikamata kinasio, nikafika kwenye kilima na bunduki isiyo na magazini. Sasa natembea na ya akiba mfukoni, na kinasio nimekizungushia kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli.

Jioni siku hizi nabonyeza, magazini inashuka kiganjani na risasi zake zote ndani. Halafu navuta bolti, maana ya chemba haitoki na magazini. Triga ya zamani iko kwenye kopo, pamoja na pini zake na ile springi iliyonitafutisha sakafu nzima.