Biti moja tu, na setilaiti bado zinaonekana

Wakuu mnaocheza na redio za kompyuta (zile ambazo programu ndiyo inachakata mawimbi), hili limenifurahisha mno. Nimerekodi mawimbi ghafi ya GPS pale mwaloni Kirumba, Mwanza, masafa ya 1575.42 MHz, sampuli (vipimo vya wimbi) milioni 4 kwa sekunde. Kila sampuli ni namba mbili za biti 16, yaani MB 16 kila sekunde. Dakika moja karibu GB nzima! Kwa bando zetu hizi, kumrushia mwenzangu wa Musoma ni ndoto.

Nikabakiza alama tu ya kila namba: chanya au hasi, yaani biti moja badala ya 16. Faili likapungua mara 16, na programu bado ikazikamata setilaiti. Mawimbi ya GPS hufika yakiwa dhaifu kuliko kelele za joto za mtambo wenyewe. Kinachoyaibua ni kulinganisha rekodi na msimbo wa setilaiti wa chipu (vipande vya msimbo) 1,023 unaojirudia kila milisekunde, siyo ukubwa wa sampuli moja moja. Hasara ya nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele ni kama desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu). Ukibakiza biti 2 kwa kila namba, hasara ni kama nusu desibeli tu, na mimi nashauri hizo, hasa mahali ambapo miamba yetu inaziba anga.

Anayetaka kujaribu aseme, nimpe programu ya kubana.