Mwanzilishi ajulikane kwa lipi?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni changa ikiitegemea methali hii itakufa njaa, maana chema kisichojulikana hakina mnunuzi. Bidhaa ina miezi minne, haijapata wateja wa kuitolea ushahidi, na tovuti yake imefanana na nyingine chungu nzima. Anayefikiria kukulipa, kuja kukufanyia kazi au kukuwekea mtaji hana cha kupima ila wewe uliyeianzisha. Atachapa jina lako Google, atafungua LinkedIn yako, na baada ya dakika mbili atakuwa ameshaamua kama unastahili kujibiwa. Anachokikuta katika dakika hizo mbili ndicho chapa yako binafsi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uchapishe nini, jiulize: nijulikane kwa lipi, na kwa nani? Jibu liwe sentensi moja yenye mtu, tatizo na njia. Tuseme: "Nasaidia wenye maghala madogo wasitupe bidhaa zilizoisha muda, kwa kuwaonyesha wiki mbili kabla ni zipi zinakaribia." Aliyeisikia anaweza papo hapo kumkumbuka mtu mmoja wa kukuelekezea. Linganisha na "mjasiriamali, mbunifu, mwenye maono". Sentensi hiyo ni nzuri masikioni, lakini hakuna anayejua amtume nani kwako.

Wanaokutazama ni makundi matatu: wateja, watu unaotaka kuwaajiri na wawekezaji. Chagua kundi moja na ukae nalo miezi sita. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mwanzilishi kuwaandikia waanzilishi wenzake, kwa sababu hao ndio wepesi wa kupiga makofi. Ni rahisi kujipima. Fungua machapisho yako kumi ya mwisho, chukua watu 20 walioacha maoni, uhesabu ni wangapi wangeweza kununua unachouza. Wakiwa wawili au watatu tu, unapendwa na wasiokuhusu. Na kama wateja wako hawashindi LinkedIn, usiishinde wewe. Wafuate kwenye kundi la WhatsApp la fani yao, kwenye mikutano ya chama chao, au kwenye jarida wanalolisoma.

Wasifu wenyewe si kazi kubwa, ni jioni moja. Kichwa cha wasifu LinkedIn kinabeba herufi 220, lakini ukiacha maoni mahali watu wanaona maneno machache ya mwanzo tu, kwa hiyo tatizo la mteja litangulie na cheo kifuate. Sehemu ya maelezo inabeba herufi 2,600, na mistari michache tu ndiyo inayoonekana kabla ya msomaji kubofya. Mistari hiyo ukiitumia kueleza ulikosoma umeipoteza. Picha iwe moja kote, uso ukijaza zaidi ya nusu ya fremu, maana kwenye simu inaonekana ndogo kama kifungo cha shati. Kisha nunua anwani ya tovuti yenye jina lako, uweke ukurasa mmoja: ile sentensi, vielelezo vitatu vya kazi, wasifu wa maneno 50 na mwingine wa maneno 150 ulioandikwa kwa nafsi ya tatu, picha kubwa ya kupakua, na namna ya kukupata. Wasifu huo ni wa mwandishi wa habari au mwandaaji wa mkutano, ambaye atanakili alichokikuta. Asipokuta kitu ataandika mwenyewe, na makosa yake yatasambaa.

Akaunti zako binafsi zifunguliwe kwa barua pepe yako, si ya kampuni. Siku ukiondoka, barua pepe ya kampuni inafungwa na akaunti inakwenda nayo. Kurasa za kampuni nazo ziwe na wasimamizi wawili au zaidi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu namba ya simu inaweza kuhamishiwa laini ya tapeli.

Kazi yenyewe iko kwenye maandishi, na hapa ndipo wengi wanapokwama wakidhani wanakosa mawazo. Wanachokosa ni kumbukumbu. Weka faili moja, na kila jioni andika mstari mmoja: swali aliloliuliza mteja, uamuzi mliofanya na sababu yake, namba iliyobadilika, kitu kilichoharibika. Ijumaa una mistari mitano, na mmoja lazima una uzito. Uupanue kwa sehemu tatu: dai, ushahidi, na mpaka wa dai hilo. "Huduma kwa wateja ni muhimu" ni dai tupu, na hakuna atakayelikumbuka. Lakini tuseme umeandika hivi: "Tulipunguza maswali ya fomu ya usajili kutoka 11 hadi 4. Waliomaliza kujisajili waliongezeka, ila waliolipa walibaki walewale, kwa sababu tuliondoa swali lililokuwa likichuja wasiohitaji bidhaa. Tumelirudisha." Hapo msomaji amejifunza jambo, na ameona unavyofikiri. Hiyo sehemu ya tatu, mpaka, ndiyo inayojenga imani kuliko mbili za mwanzo. Anayesema dawa yake haitibu nini ndiye anayeaminika anaposema inatibu nini.

Kiasi kinachobebeka ni makala moja ya maneno 800 hadi 1,200 kila wiki mbili kwenye tovuti yako, kisha uitoe vipande vitatu au vinne vifupi vya kupeleka kwingine. Usinakili kipande kilekile kila mahali: LinkedIn inakubali herufi 3,000, X kwa akaunti ya kawaida ni 280, na wasomaji wa huku si wa kule. Ongeza dakika 15 kwa siku za kujibu maswali ya watu wa fani yako. Jumla ni saa tatu au nne kwa wiki. Zikipita tano, ujue zinaliwa kutoka kwenye bidhaa.

Kumpa mtu kalamu akusaidie si dhambi, mradi malighafi itoke kwako. Jirekodi dakika 20 ukieleza jambo, yeye aandike na kupanga. Majibu ya maoni andika mwenyewe. Mwekezaji akikutana nawe ana kwa ana na kugundua hukumbuki hoja iliyochapishwa kwa jina lako, hataamini hata namba zako za mauzo.

Wasomaji unaowapata kwenye mtandao wa kijamii ni wa kuazima. Kanuni ya kuonyesha machapisho ikibadilika, hawakuoni tena. Kwa hiyo anzisha mapema jarida la barua pepe, ambalo orodha yake unaweza kuipakua na kuhama nayo. Likishindwa kuwafikia watu, mara nyingi ubovu ni wa kiufundi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio mitatu ya kiufundi inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli), kiungo cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka chini ya asilimia 0.3. Hata ukiwa na wasomaji 80, weka mipangilio hiyo mitatu siku ya kwanza. Tuma jarida kupitia kikoa kidogo (tawi la anwani ya tovuti yako, kama jarida.kampuni.com), tofauti na kile cha ankara, ili likilalamikiwa ankara zako zisianze kuangukia kwenye barua taka.

Uwazi una faida ukiwa unakaguliwa. Buffer, kampuni ya programu ya kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii, mwaka 2013 walichapisha mishahara ya wafanyakazi wote, mkurugenzi akiwemo, na kanuni ya kuikokotoa. Mtu yeyote angeweza kuipima. Ila kuna vitu havichapishwi: jina la mteja bila idhini yake ya maandishi, pengo la usalama ambalo halijazibwa, ugomvi na mfanyakazi aliyeondoka. Habari za kutafuta mtaji zipitie kwa mwanasheria kwanza. Marekani, kampuni inayokusanya fedha chini ya kanuni ya 506(b), inayoruhusu kuuza hisa kwa faragha, hairuhusiwi kutangaza hadharani mauzo hayo, na posti moja ya shauku inaweza kuivuruga. Agosti 2018 Elon Musk aliandika Twitter kwamba fedha za kuitoa Tesla kwenye soko la hisa zimepatikana. Mwezi uliofuata, katika suluhu na SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, yeye na kampuni walikubali kulipa dola milioni 20 kila mmoja, naye akaachia uenyekiti wa bodi.

Idadi ya wafuasi usiifanye kipimo. Kwenye fomu ya usajili weka swali la wazi, "Ulitufahamuje?", bila orodha ya kuchagua, kisha usome majibu kila mwezi. Hesabu mazungumzo yaliyoanzishwa na wengine, waombaji kazi waliotaja makala fulani, na mara jina lako linavyotafutwa, ambazo utaziona kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Miezi sita ikipita bila hata kimoja kusogea, usiongeze machapisho. Rudi kwenye ile sentensi moja. Kwa kawaida ndiyo iliyokosewa.

Ukifanikiwa, tatizo linageuka: kila mteja anataka kuongea na wewe tu. Mhandisi aliyetatua jambo aandike yeye, kwa jina lake. Kama mko waanzilishi wawili, andikianeni nani anasemea nini. Na orodha za barua pepe ziwe mbili tangu mwanzo, yako na ya kampuni. Aliyejisajili kusoma fikra zako hakuomba matangazo ya bidhaa, na ukija kuziunganisha baadaye itabidi umwombe kila mmoja ridhaa upya, na wengi hawatajibu.