Kidoti cha juu kulia

"Hicho kidoti kimewekwa na nani?"

Aliyeuliza ni mwenyekiti wa bodi yetu, mwalimu mstaafu wa hisabati, mwaka 2017, kwenye ukumbi mdogo wa SACCOS yetu hapa Arusha. Ukutani palikuwa na mraba uliogawanywa vyumba vinne, ndani yake vidoti vimetawanyika kama punje za ulezi, na kimoja cha juu kabisa upande wa kulia kimezungushiwa duara jekundu. Kijana wa mauzo kutoka Dar es Salaam alikuwa ametueleza kwa nusu saa kwamba kampuni anayoiwakilisha ni kiongozi duniani katika mifumo ya kibenki, na ushahidi ndio huo. Mwenyekiti alimsubiri amalize, akavua miwani.

"Ni wachambuzi wa kimataifa, Mwalimu."

"Hilo nimelisikia. Nauliza ni nani, na alikiwekaje hapo."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kompyuta yangu. Nilikuwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, kitengo chenyewe kikiwa ni mimi na binti mmoja wa kujitolea, na jibu sikuwa nalo. Bei ilikuwa kwa dola. Ukiigeuza shilingi ilizidi mikopo yote ya ada tuliyotoa Januari ile. Kikao kikaahirishwa, nikapewa wiki sita nikalete jibu.

Mchoro ule niliwahi kuuona. Unaitwa Magic Quadrant na hutolewa na Gartner, kampuni ya Marekani. Kadiri kidoti kinavyokwenda kulia, ndivyo dira ya kampuni inavyohesabiwa kuwa kamili. Kadiri kinavyopanda, ndivyo inavyoaminiwa kuweza kutekeleza. Chumba cha juu kulia ni cha viongozi. Hayo niliyajua tangu chuo. Sikuwahi kujiuliza kazi ya kuweka vidoti ilianzaje na nani anailipia, kwa hiyo usiku wa kwanza nilianzia hapo.

Nilichokuta kilinishangaza kidogo. Wateja wa mwanzo wa kazi hii walikuwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 1964, huko Massachusetts, Patrick McGovern, aliyesoma chuo cha MIT, alianzisha IDC, kampuni ya kuchunguza soko la kompyuta, na bidhaa yake ya mwanzo ilikuwa kama sensa: kompyuta gani iko wapi, ya nani, inafanya kazi gani. Zama hizo IBM ilikuwa imelitawala soko kiasi kwamba wapinzani wake saba, kina Burroughs, UNIVAC, Honeywell na wenzao, walipewa jina la utani la vibete saba. Kibete asiyejua mashine za mwenzake zimefungwa wapi hawezi kujua auze wapi, na hesabu hiyo aliinunua.

Miaka 15 baadaye mambo yakageuka. Gideon Gartner aliwahi kufanya kazi IBM, kisha akawa mchambuzi wa hisa Wall Street katika kampuni ya Oppenheimer, kazi yake ikiwa kuifuatilia IBM. Wenye fedha walitaka kujua kama hisa zitapanda. Gartner akaona kwamba yuleyule anayebashiri mashine mpya itatoka lini, na ya zamani itashuka bei kiasi gani, ana habari ambayo meneja wa kompyuta wa benki au kiwanda angeilipia, maana yeye ndiye anayetia saini mkataba wa kukodi kompyuta ya mamilioni bila kujua mwezi ujao itakuwa na thamani gani. Mwaka 1979 akafungua kampuni yake Connecticut. Mwaka 1983 George Colony akafungua Forrester, kampuni nyingine ya aina hiyo, Massachusetts. Gartner mwenyewe baadaye alitoka kwenye kampuni yenye jina lake, akaanzisha nyingine, Giga, ambayo Forrester iliinunua mwaka 2003. Hadithi za undugu wa wafanyabiashara hazina mwisho.

Kwa hiyo jibu la kwanza la Mwalimu nilikuwa nalo: kidoti huwekwa na mtu ambaye kazi yake ni kujua kinachoendelea kwa wanunuzi wengi kuliko mnunuzi mmoja anavyoweza kujua peke yake. Ila nililitilia shaka hapohapo, kwa sababu kampuni hizi hupokea pesa pia kutoka kwa wauzaji wanaowekewa vidoti. Mwaka 2009 kampuni moja, ZL Technologies, iliishtaki Gartner katika mahakama ya shirikisho California, ikidai mchoro unawapendelea wakubwa. Kesi ikatupwa: kidoti ni maoni, na maoni Marekani yanalindwa na katiba.

Siku mbili tatu nikawa mtu wa dharau. Nikamwambia binti wa kitengo kwamba mambo yote haya ni ya kununuana tu. Aliyenitoa huko ni shemeji yangu, anayefanya kazi katika benki moja ya Nairobi. Benki yao ni mteja wa wachambuzi kwa ada ya mwaka, na ada yenyewe aliponitajia nilicheka, nikidhani amekosea sifuri.

"Shemeji, ripoti ni ya kumwonyesha bosi," akaniambia. "Sisi tunalipia simu. Unampigia mchambuzi, nusu saa, unamwambia tumepewa bei hii na masharti haya, wenzetu wanalipaje? Anakwambia."

"Yeye anajuaje?"

"Si kwa sababu na wenzako wanampigia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukienda mnadani kununua ng'ombe utamkuta mzee mmoja hauzi wala hanunui, amekaa tu chini ya mti, lakini anajua kila mnyama katoka zizi gani na wiki iliyopita alikataliwa kwa nini. Hakusomea popote. Kila anayepita humuuliza, na kila swali humwachia habari. Mchambuzi wa teknolojia ni mzee huyo aliyefunguliwa ofisi Connecticut. Na mzee wa mnada wa huko hawezi kukwambia habari za ng'ombe wa kwetu, kwa sababu watu wa kwetu hawampigii.

Nikafanya mambo mawili. La kwanza, nilimwandikia kijana wa mauzo anipe ripoti nzima, si picha. Ilichukua wiki tatu, na ilipokuja nikaona ina umri wa miaka miwili. Wauzaji hulipia haki ya kusambaza ripoti inayowasifu, ndiyo maana sisi wanyonge huipata bure. Lakini iliyokuja ilikuwa kamili, na nakushauri usisome picha kabla ya maneno. Ripoti za aina hii huwa na ukurasa wa vigezo vya kuingizwa: mapato ya kiasi fulani, wateja idadi fulani, katika mabara kadhaa. Kampuni mbili za hapa nyumbani zilizotuletea zabuni zisingeweza kuwemo hata zingekuwa na mfumo bora kuliko yote. Kwa hiyo kutokuwa na kidoti hakukunieleza chochote juu yao. Halafu kila kampuni ina fungu la nguvu zake na fungu la tahadhari. Fungu la nguvu nilikuwa nimeshalisikia ukumbini, neno kwa neno. La tahadhari nikalisoma mara tatu kwa kalamu ya njano.

La pili, nikafanya sensa yangu. Niliorodhesha taasisi 14, SACCOS na benki ndogo za Tanzania na Kenya, zinazotumia mfumo wa yule "kiongozi" au wa hao wawili wa nyumbani. Tisa zilipokea simu. Wakuu wa TEHAMA karibu wote walinijibu kwa lugha ya vipeperushi, na siwalaumu: aliyependekeza mfumo hawezi kukwambia umemshinda. Nikabadilisha mbinu, nikaanza kuwaomba wanipe mhasibu.

Mhasibu mmoja wa Moshi alisema kwenye simu hawezi, nije. Nikapanda Coaster asubuhi. Alikuwa dada wa makamo, ananiita kaka, na kwa saa nzima tulizungumzia bei ya mahindi. Alipomaliza chai akafunga mlango. "Kaka, mwaka wa kwanza utawapenda. Subiri wa pili." Kila ripoti mpya waliyoihitaji ililipiwa kivyake. Kila mtandao wa simu ulipobadilisha kitu upande wake, marejesho ya mikopo kwa simu yalisimama, na fundi alikuja kwa ndege kutoka nje, tiketi na hoteli juu yao. Akanionyesha ankara. Nikanakili tarakimu bila majina, kama alivyoniomba.

Wa Mwanza, kwa mfumo uleule wa "kiongozi", aliusifu kwa dhati: miaka mitatu haujawahi kulala mwisho wa mwezi. Wa Dodoma akanipa siri iliyonikumbusha hadithi ya Gideon Gartner papo hapo. Wao walivuta muda hadi muuzaji alipokuwa anafunga mwaka wake wa hesabu, mwezi Machi, na bei ikashuka karibu theluthi. Hiyo ni habari ileile ya kujua IBM itafanya nini lini, ila imepita kwenye simu ya mkononi, vocha ya elfu mbili.

Bodi niliirudishia karatasi moja, pande mbili. Nilikuwa na kurasa 22 nikazikata, maana najua wazee wetu husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Upande wa mbele niliweka bei walizolipa wengine kwa miaka miwili, si mmoja. Muda mfumo uliolala. Nani hupokea simu saa mbili usiku na yuko mji gani. Na kama marejesho kwa simu yamo ndani ya bei. Nyuma, niliyoshindwa kuyajua. Mjumbe mmoja kijana akauliza kwa nini blokucheni, ile teknolojia ya daftari la miamala linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, haimo. Nikamwonyesha mchoro mwingine wa Gartner, ule uliobuniwa na Jackie Fenn mwaka 1995, unaoonyesha jinsi teknolojia hupanda mlima wa matarajio kisha ikaporomoka bondeni kabla ya kupata njia yake. Blokucheni mwaka uliotangulia ilikuwa kileleni. Mwalimu akasema sisi tungoje hukohuko bondeni, tutaipokea ikishuka.

Nilipofika kwenye kesi ya California akacheka sana. "Kumbe ni maoni! Basi na sisi tunayo."

Tuliinunua ileile ya kidoti cha juu kulia. Najua msomaji angependa nikwambie tulichagua ya nyumbani; mmoja kati ya wale wawili alikuwa na wateja wanne tu, na wawili kati yao hawakupokea simu zangu. Lakini tulisubiri Machi. Bei ilishuka kwa zaidi ya robo, ikaandikwa kwa shilingi, fundi akatakiwa awe nchini, na ripoti 18 tulizoziorodhesha kwa majina zikaingia ndani ya mkataba. Kijana wa mauzo alipoyaona masharti akauliza tumemwajiri mshauri gani.

Sikushinda yote. Kuhamisha taarifa kutoka mfumo wa zamani kulitutesa. Kwa wiki mbili salio za wanachama wapatao 400 zilisoma vibaya, na wapo walionifuata hadi kanisani. Katika simu zangu zote sikuuliza habari za kuhamisha, kwa sababu karibu wote niliozungumza nao walitoka kwenye daftari la karatasi moja kwa moja. Sasa swali hilo ndilo la kwanza kwenye orodha.

Nasema orodha kwa sababu haikuishia pale. Yule dada wa Moshi alimpa namba yangu mwenzake wa Same, naye akampa mwingine wa Babati. Sharti langu ni moja: ukitaka niliyonayo, nipe uliyonayo, jina lako halitatoka. Jedwali la Excel lina taasisi 31 leo, na lina mambo ambayo sidhani yapo Stamford, makao makuu ya Gartner.

Mwaka juzi kampuni moja, si ile tuliyonunua kwake, ilinialika Zanzibar, siku tatu, hoteli ya ufukweni, posho juu, "kubadilishana mawazo na wadau." Nilimpelekea Mwalimu barua ile nyumbani kwake. Hayupo tena kwenye bodi, anafuga kuku. Akaisoma taratibu hadi mwisho, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi.

"Wewe kwenye hilo jedwali lako, hawa umewaandika vipi?"

"Mfumo wao hulala, Mwalimu. Mara tisa mwaka jana."

"Na ukirudi Zanzibar utaandika mara ngapi?"

Sikwenda. Wiki iliyofuata mtu wao wa mauzo akanipigia simu, mpole sana, akauliza afya yangu na ya familia, mvua za Arusha, kisha akakohoa kidogo. Alitaka kujua, kama haitakuwa usumbufu, kidoti chao nimekiweka wapi.