Nani anakula intaneti? Kumbukumbu ya skripti ya kuichungulia swichi

Jumapili, 6 Julai

Sekretariati (duka la kuchapa na kutoa kopi) ninayoitunzia kompyuta iko barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi, njia ya kwendea chuo kikuu. Msimu huu wanafunzi wanajaa mlangoni na flashi mkononi, kila mmoja TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, inatakiwa kesho asubuhi. Tuna kompyuta 14, printa 3 na laini moja ya intaneti: megabiti 10 kwa sekunde kushuka (kupakua), 3 kupanda (kupakia). Ikiwa nzima inatutosha. Lakini kuna siku inakufa saa nzima, halafu inafufuka yenyewe, na kila mtu ana mshukiwa wake. Wengi wanamtaja kijana wa fotokopi, kwa kuwa anapenda filamu na hafichi.

Mama patroni, mwenye duka, amechoka. Kaniambia, "Papa, unitafutie huyo mwizi."

Leo tumefunga, nikapata nafasi. Nimeanza kwa kosa la mgeni: nimefungua tcpdump, programu ya kuchungulia data inayopita, kwenye laptopu yangu nikidhani nitaona mazungumzo ya nyumba nzima. Nimeona yangu tu, pamoja na matangazo ya kompyuta zinazoulizana nani ana anwani fulani. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Swichi, kisanduku ambacho kebo za kompyuta zote zinachomekwa kwenye matundu yake, ni mtoto wa kutumwa anayejua nyumba za watu: ujumbe anaupeleka kwa mwenyewe, jirani hasikii. Ningeweza kuiamuru swichi inakilie tundu moja kwenye tundu langu, lakini sihitaji kujua watu wanasoma nini. Nataka kujua nani anabeba mzigo mkubwa.

Kwa hilo swichi yenyewe ina mita. Yetu ni ya mtumba, matundu 24, lakini ni ya zile zinazokubali kuulizwa kwa SNMP, lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao. Kila tundu lina hesabu ya baiti zilizoingia na zilizotoka, kama mita ya maji ukutani: inapanda tu, haikwambii kasi. Kasi unaitafuta mwenyewe. Unasoma, unangoja kidogo, unasoma tena, unatoa:

kasi = (sasa - zamani) * 8 / muda / 1_000_000

Mara nane kwa sababu mita inahesabu baiti na laini tunauziwa kwa biti. Zilizoingia zinasomwa kwenye anwani 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10, zilizotoka kwenye 1.3.6.1.2.1.2.2.1.16, na mwishoni unaongeza namba ya tundu. Nywila ya kusomea ilikuwa bado ile ya kiwandani, "public". Nimeibadilisha kabla ya kitu kingine chochote.

Jumatano, 9 Julai

Skripti, programu yangu ndogo ya kusoma mita hizo, inatembea. Imeandikwa kwa lugha ya Python, haifiki mistari 80, inaita snmpget (amri ya kuuliza kwa SNMP) na kuchora vijiti vya rangi kwenye skrini nyeusi, kijiti kimoja kwa kila tundu. Wateja wanadhani ninafanya kazi ya maana sana.

Nilipanga kuuliza kila sekunde moja, maana nilitaka kuona mambo yakitokea. Ikaja: 0, 0, 0, 0, halafu kishindo kikubwa, halafu 0 tena. Nikalaumu kebo, nikalaumu Python, nikanywa chai. Kumbe swichi hii haiandiki mita zake upya kila sekunde. Inazisogeza kila baada ya sekunde 5 hivi, na ukiuliza katikati inakujibu namba ileile. Nimeweka sekunde 5 na wastani wa visomo vitatu vya mwisho. Kwa hiyo "papo hapo" yangu imechelewa robo dakika. Naikubali.

Mwenzangu mmoja kaniuliza kwa nini sikuweka MRTG, programu maarufu ya kuchora mzigo wa mtandao, nikapumzika. MRTG naiheshimu. Tobias Oetiker aliianza mwaka 1994 mahali ambapo watu wote walitegemea laini moja ya kilobiti 64, na kila mmoja alitaka kujua inaendaje. Mtu huyo angetuelewa. Lakini kwa kawaida yake inauliza kila dakika 5, na wastani wa dakika 5 unasawazisha kila kilima. Mwizi wa dakika moja anapita humo akipiga mluzi.

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimeaibika.

Saa nne asubuhi tundu la 4 likawa jekundu: megabiti 90. Tundu la 4 ni la kijana wa fotokopi. Nikatoka mbio, nikamkuta kweli ana filamu, nikaanza kusema maneno ambayo sasa nayajutia. Akanitazama tu. "Yaya [kaka], ninainakili kutoka seva ya hapa ndani."

Laini yetu ni ya megabiti 10. Tisini zingetoka wapi? Nilitakiwa kujiuliza hilo kabla ya kusimama. Skrini ilikuwa inanionyesha na jibu: tundu la 2, la seva, lilikuwa na 90 zilezile, na tundu la 24, linalokwenda kwenye rauta (kisanduku cha kutokea intaneti), halikuwa na hata moja. Mzigo ulikuwa unazunguka ndani ya swichi bila kugusa mlango wa nje. Nimemwomba radhi mbele ya wote na nimemnunulia bukari (ugali) na makayabu (samaki wa chumvi).

Aibu hiyo imeleta faida. Filamu ilipokuwa inaendelea, tundu la 2 likaonyesha megabiti hasi 6,782. Hasi! Mita hizi ni za biti 32: zikifika 4,294,967,296 zinarudi sifuri na kuanza upya, kama mita ya gari kuukuu. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, mzunguko mzima unakwisha chini ya dakika 6. Nikaandika: ikiwa tofauti ni hasi, ongeza 4,294,967,296. Nikajiona mjanja.

Saa tisa umeme ukakatika. Laptopu ikabaki hai kwa betri yake, swichi ikafa. Ulipowaka, skripti ikasema tundu la 9 linapitisha megabiti 4,952. Na tundu lenyewe mwisho wake ni megabiti 100! Swichi ikizimwa mita zote zinaanza sifuri, tofauti inakuwa hasi, na ujanja wangu unaongeza bilioni nne ambazo hazikuwahi kupita. Halafu nilikuwa nagawanya kwa 5 wakati dakika nzima zilikuwa zimepita.

Marekebisho matatu, na haya ndiyo yaliyoigeuza skripti kuwa kitu cha kuaminika. Muda sasa unapimwa kwa saa ya laptopu, haukisiwi. Kila raundi inasoma pia 1.3.6.1.2.1.1.3.0, muda ambao swichi imekuwa macho. Ukiwa mdogo kuliko wa mara iliyopita, swichi imezaliwa upya, na kisomo kile kinatupwa. Na nimehamia kwenye mita za biti 64, 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6 na .10. Mwanzoni hazikujibu kwa sababu amri niliyoizoea ina -v1, na SNMP ya toleo la kwanza haibebi namba za biti 64, -v2c inazibeba. Mita ya biti 64 kwa gigabiti moja kwa sekunde inahitaji zaidi ya miaka 4,600 kuzunguka. Ule ujanja wa kuongeza nimeufuta.

Jumanne, 15 Julai

Baridi ya asubuhi, vidole havitaki kuandika. Saa tatu, sauti kutoka upande wa printa: "Internete inakufa tena, papa!"

Skrini: tundu la 24 linapakia megabiti 3 juu ya 3, kijiti kimenyooka kama rula. Kushuka, megabiti 1 tu, ingawa tuna 10. Na tundu la 11 *linapakua* megabiti 3.

Hapo nikakaa muda mrefu. Nyumba inapakia, na mtu mmoja anapakua kiasi kilekile? Nikachora swichi nyuma ya karatasi iliyoharibika, na mishale. "Kuingia" kwenye mita maana yake ni kuingia *kwenye swichi*. Kinachoingia kwa tundu la kompyuta ni kile ambacho kompyuta inatuma. Kwenye tundu la rauta mambo yanageuka: kinachoingia kinatoka duniani. Mimi niliandika "kuingia = kupakua" kwa matundu yote, na kwa wiki nzima nimekuwa nikiwasoma watu kinyume. Tundu la 11 halikuwa linapakua. Lilikuwa linatuma.

Hilo linaeleza na kufa kwenyewe. Ili upakue, kompyuta yako lazima iendelee kurudisha ujumbe mdogo, "nimepokea, leta vingine". Njia ya kupanda ikijaa, ujumbe huo unasimama kwenye foleni ya rauta nyuma ya mzigo wa mtu mwingine, na anayekutumia anangoja. Ndiyo maana 10 za kushuka zinalala wakati ugomvi uko kwenye 3 za kupanda.

Ila tundu la 11 ni la nani? Kwenye orodha yangu lina alama ya kuuliza. Kebo inaingia dari na kupotea. Tulipofunga, mdogo wangu alipanda ngazi na tochi, akavuta kebo moja moja, mimi nikiangalia tundu gani linabadilika kutoka 1 kuwa 2, yaani kutoka hai kuwa limekatwa. Kebo ya sita. Inashuka nyuma ya kabati ya ofisi na kuishia kwenye kisanduku cha kamera.

Alhamisi, 17 Julai

Kamera ni 4. Zinaandika kwenye diski ya kisanduku chenyewe, hazigusi intaneti, mpaka mtu azifungue kwa simu akiwa mbali. Hapo kisanduku kinajaribu kutuma picha nzuri za kamera zote nne kwa pamoja, na kinajaza chochote kinachokipata.

Anayezifungua ni mtu mmoja tu. Mama patroni, akienda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuchukua karatasi na wino, huacha simu wazi njia nzima ili aone kama tunafanya kazi. Nimepekua daftari la mauzo: siku zote tatu nilizokumbuka laini imekufa, yeye hakuwepo. Jumanne ilikuwa mojawapo.

Kumweleza bosi jambo kama hili kunahitaji mlango uliofungwa na sauti ya chini. Nilimwonyesha vijiti, nikamwomba afungue simu yake hapohapo, lakini kwa data yake, si kwa laini yetu. Tundu la 11 likapanda hadi 3. Akafunga, likashuka. Akafungua tena, kuhakikisha.

"Kumbe njo miye mwizi?"

Nikasema si mwizi, ni mlinzi mwenye mzigo mzito. Akacheka hadi akatoa kitambaa.

Dawa ilichukua dakika mbili. Kisanduku kina mtiririko mkubwa na mtiririko mdogo kwa kila kamera. Nimeiweka simu ichukue mdogo, kamera moja kwa wakati mmoja. Megabiti 0.4.

Jumamosi, 19 Julai

Mama yuko Kasumbalesa tangu jana. Tundu la 11: 0.4. Tundu la 24: kupanda 0.9, kushuka 7. Wanafunzi wanapakua makala zao, hakuna anayepiga kelele.

Saa tano kapiga simu. Picha imekuwa na ukungu, haoni vizuri kama kijana wa fotokopi amelala au ameinama. Halafu kauliza kama vile vijiti vya rangi navyo vinaweza kuonekana kwenye simu yake, moja kwa moja, njia nzima. Nimemwambia arudi kwanza tuongee.